Chupa imejaa nzi, mbona embe bado zina funza?

Mwezi wa kumi na mbili shangazi yangu wa Kisauni alituma picha kwa grupu la familia, chupa ya maji ya lita moja na nusu imening'inizwa kwa mwembe, ndani nzi waliokufa karibu robo ya chupa, na chini ameandika "nimewamaliza". Sote tukajibu na vile vikatuni vya makofi. Wiki tatu baadaye twaenda kwake kula embe, boribo kubwa zimeiva, rangi ya kumtamanisha hata aliyefunga, kisu kinaingia tu na kitu kinaruka kutoka ndani. Ndio, kinaruka, hawa funza hujikunja kama upinde halafu wakajifyatua, mtoto mmoja akapiga ukelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Shangazi alikasirika si kidogo, ati kule agroveti wamemuuzia chambo feki.

Chambo hakikuwa feki, na mtego ulifanya kazi yake barabara. Ila wale nzi wote kwa chupa, kama si wote basi karibu wote, walikuwa madume. Na dume hatagi mayai.

Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa na hii habari ya mitego, manake tunaita kitu kimoja "mtego wa nzi" na kumbe ni vitu vitatu vinne tofauti, kila kimoja na nzi wake na kazi yake. Basi tuanze na nzi wenyewe.

Kuna vile vijinzi vya jikoni, vidogo kama punje za ufuta, macho mekundu, vinazunguka ndizi zilizopitiliza na debe la taka. Hivo ni rahisi, weka siki kwa glasi na tone la sabuni, funika na plastiki yenye vitundu, kesho asubuhi unamwaga. Vinafuata harufu ya kuchacha na vinataga kwa tunda ambalo tayari linaoza. Nimeshaona mtu ametundika siki kwa mwembe akifuata video ya jikoni na akakaa akingojea miujiza. Nzi wa embe si ndugu wa hao, huyu ni mkubwa kuliko vile vijinzi mara kadhaa, ukimwona haraka utadhani ni nyigu mdogo, mgongo mweusi au wa kahawia una mistari miwili ya njano pembeni, na tumboni ana alama nyeusi kama herufi T. Yeye hangoji tunda lioze, anataka tunda zima, ana kijisindano nyuma anatoboa ganda na kuyaweka mayai chini yake tu. Ndio maana embe yaweza kuwa safi kwa nje na ndani ni msiba, labda uone kitundu kidogo chenye utomvu uliokauka.

Huyu tunayemzungumzia zaidi huku Pwani jina lake la kitaalamu ni Bactrocera dorsalis, na si mwenyeji. Asili yake ni Asia, na mara ya kwanza kugunduliwa Afrika ilikuwa mwaka 2003 hapa hapa pwani ya Kenya. Mwanzoni wataalamu walidhani ni nzi mpya kabisa, mwaka 2005 wakampa jina la invadens, yaani mvamizi, halafu baada ya miaka kumi ya ubishi wakakubaliana mwaka 2015 kwamba ni yule yule dorsalis wa Asia. Mvamizi au si mvamizi, kazi aliifanya: alisambaa bara karibu lote la kusini ya Sahara kwa miaka michache tu, na mwaka 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka embe Ulaya kwa sababu shehena zilikuwa zinakutwa na funza, soko hilo likaja kufunguka tena 2021. Wenyeji wetu wa zamani, wale nzi wenye mabawa ya madoadoa ya kahawia na njano, bado wapo lakini kwa embe za huku chini mgeni amewasukuma kando. Hii ni muhimu kwa mtego, manake kile chambo cha shangazi wale wa madoadoa hawakitaki kabisa, wao wana chambo chao kingine.

Sasa hicho chambo. Yaitwa methili eujenoli. Jina zito lakini sisi watu wa Pwani tuko karibu nayo kuliko tunavyojua, ni binamu wa eujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake, na yenyewe imo kwa mirihani. Yaani ile harufu ya kikuba cha asumini na rihani, ndani yake kuna kitu kinachomtoa nzi dume akili. Aliyegundua mambo haya ni Howlett, mtaalamu wa wadudu Mwingereza aliyekuwa India, mwaka 1912 aliandika kuhusu mafuta ya sitronela kuvuta nzi hawa, na kilichomshangaza ni kuwa waliokuja wote walikuwa madume, miaka mitatu baadaye akaonyesha kwamba methili eujenoli ndiyo yenye nguvu.

Kwa nini madume tu? Hapa ndipo pananifurahisha. Dume halambi hiyo methili eujenoli kwa njaa. Anaila, mwili wake unaigeuza kuwa manukato anayoyaweka kwa tezi, halafu magharibi ikiingia, saa zile za adhana, madume wanakusanyika kwa majani ya mti na kuyarusha hayo manukato hewani, na majike wanachagua dume anayenukia zaidi. Ni bwana harusi anayetafuta udi kabla ya kutoka. Sisi tunamwekea udi ndani ya chupa na sumu pembeni, anakuja kutoka mbali sana, mamia ya mita, na anafia humo.

Sasa fikiria hesabu ya mfano. Shambani mna madume 1,000 na majike 1,000. Mtego wako umekamata madume 900, chupa imejaa, unapiga picha. Wamebaki 100. Dume mmoja anaweza kupanda majike kadhaa katika maisha yake, hao 100 wanatosha kabisa kuzungukia majike karibu wote, na jike mmoja maishani mwake anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu. Ndio maana njia hii ya kumaliza madume inafaulu tu ukiwamaliza kweli kweli, wakabaki wachache kiasi kwamba jike anazeeka bila mchumba. Ukiwapunguza nusu, hata robo tatu, umewapunguzia madume ushindani tu.

Na inawezekana, isionekane nasema ni bure. Huko Pasifiki kuna kisiwa kinaitwa Rota, miaka ya 1960 walimwaga kwa ndege vipande vilivyolowekwa methili eujenoli na sumu kisiwa kizima, wakarudia na kurudia, mpaka nzi huyu akaisha. Japani nao walimmaliza Okinawa mwaka 1986 kwa njia hiyo hiyo. Utasema basi hata Mombasa ni kisiwa, tufanye. Lakini Rota iko peke yake katikati ya bahari, sisi lori za embe kutoka Kilifi, Kwale na Tana River zinashuka soko la Kongowea kila alfajiri, kutoka hapo tuktuk na mikokoteni zinavuka daraja la Nyali kuingia kisiwani, soko la Marikiti, na kila kreti ina abiria wake ndani. Halafu chupa moja kwa plot moja si kisiwa kizima.

Kwa hivo chupa ya shangazi ni ya nini? Kwa idadi ile, chupa moja au mbili, ni ya kupiga ramli ya kisayansi. Inakuambia nzi wamefika au bado, wanaongezeka au wanapungua. Unahesabu kila wiki siku ile ile, unaandika hata nyuma ya kalenda. Wiki hii 10, wiki ijayo 12, ijayo 90, hapo wajua mambo yameanza na unatakiwa uwe umeshashughulika na majike. Mtego wa kuangalia na mtego wa kumaliza ni chupa hiyo hiyo, tofauti ni wingi, na kwa wa kumaliza kama majirani hamjaweka pamoja mtaa mzima mnapoteza pesa tu.

Sasa majike. Jike akitoka ardhini hayuko tayari kutaga, mayai yake hayajakomaa na hayatakomaa mpaka ale protini. Utamu anaupata kila mahali, lakini protini ni kitu cha kutafuta, anailamba kwa vinyesi vya ndege, kwa ule utomvu mtamu wanaoacha vidukari kwa majani, kwa hamira na bakteria zilizoshikana kwa ganda la tunda. Hiyo wiki moja na ushee ya kutafuta protini ndio dirisha lako. Chambo cha chakula ni protini iliyovunjwavunjwa, mara nyingi kutokana na hamira, hata ile hamira inayobaki viwandani baada ya kutengeneza bia wameshaigeuza chambo. Inatoa harufu ya amonia, ile ile ya mkojo uliolala, sisi twaziba pua, jike anasema chakula tayari.

Chambo hiki kina udhaifu wake na ni vizuri kuujua kabla hujatoa pesa. Hakivuti kutoka mbali, ni mita chache tu, hivyo chupa moja kwa mwembe mkubwa wa miaka arobaini ni kama taa ya baiskeli uwanjani. Kinavuta dume na jike lakini majike ndio zaidi. Na kinavuta pia wadudu wengine wasio na hatia, utakuta humo nzi wa nyumbani na takataka zote.

Ndio maana wakulima wengi hawakiweki kwa chupa, wanakichanganya na sumu kidogo na kukirashia mti. Na si mti mzima! Hapa ndio mtu akielewa anaokoa pesa. Kiasi cha mililita 50 tu, sehemu moja ya majani yenye upana wa kama mita moja mraba kwa kila mti, mara moja kwa wiki, upande usio na jua kali. Nzi ndiye atakayekifuata, wewe huna haja ya kumfuata nzi. Unaanza embe zikiwa changa, hata hazijafika ukubwa wa ndimu, na unaendelea mpaka mavuno yaishe, mvua ikinyesha unarudia manake imeoshwa. Ukilinganisha na yule anayekuja na pampu mgongoni akalowesha mwembe kuanzia juu hadi chini, dawa inadondokea watoto na nyuki, na funza wenyewe wako ndani ya embe wamelala, dawa haiwafikii.

Sumu inayotumika sana na hizi protini yaitwa spinosadi, na ina hadithi nzuri. Inatengenezwa na bakteria wa udongoni, na udongo huo ulichotwa mwaka 1982 kwenye kiwanda cha zamani cha rum kilichoachwa huko visiwa vya Karibi, na aliyeuchota alikuwa likizoni. Mimi likizo narudi na mchanga kwa viatu tu.

Haya, tuseme shangazi ameweka chupa ya madume na anarashia protini kila wiki. Bado embe zaweza kuharibika, na sababu iko chini ya mti. Funza akishashiba anaiacha embe, anaruka ruka mpaka udongo laini, anajichimbia sentimita mbili tatu hivi na kujifunga ndani ya ganda la kahawia kama punje ya mchele, siku kumi hivi anatoka nzi. Kwa joto letu kutoka yai mpaka jike anayetaga ni kama mwezi mmoja na kidogo. Embe moja iliyoanguka inaweza kubeba makumi ya funza, ukiiacha hapo chini wiki moja umeshapanda mbegu. Kwa shangazi embe zilizoanguka zilikuwa zimesukumwa na ufagio zikarundikwa kwa shina la mwembe ule ule wenye chupa, ati zioze ziwe mbolea. Yaani juu tunaua, chini tunazalisha.

Zinatakiwa kuokotwa, kila siku msimu ukipamba moto, ama mara mbili kwa wiki isiyopungua. Halafu ni mfuko mweusi wa plastiki nzito au gunia la nailoni lisilo na tundu, unafunga mdomo na kuacha juani, jua la Mombasa la Januari halihitaji msaada. Ama unazika, lakini shimo la futi mbili, si kale ka kuzika paka. Kulisha mbuzi pia sawa mradi wale zote siku hiyo hiyo. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, wametuletea kihema chenye wavu juu, kilichobuniwa kwanza Hawaii, unatupa matunda mabovu ndani, nzi wakitoka wanakwama lakini vijinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya mayai na funza wa nzi vinapita kwa matundu na kurudi shambani kuendelea kutusaidia. Vijinyigu hivyo vingine vililetwa na kuachiliwa makusudi, Fopius arisanus ni mmoja wao, alitoka Hawaii.

Na kuna mti wa mkungu. Hili jambo sijaskia watu wakilisema na mimi ningependa lipigiwe mbiu msikitini na kanisani. Mikungu imejaa Mombasa, kila baraza ina wake, kivuli kizuri, watoto wanakula kungu. Nzi huyu anazipenda kungu sana, na mkungu unazaa wakati ambapo mwembe hauna kitu, hivyo embe zikiisha nzi hafi njaa, anahamia mkunguni, halafu kwa mapera, halafu mastafeli, msimu wa embe ukirudi yuko tayari na jeshi lake. Wewe unaweka mtego kwa mwembe wako na kiwanda kiko uani kwa jirani.

Msaidizi mwingine ambaye twampiga vita ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani wakajenga viota mitini. Aliyepanda mwembe utotoni anawajua, anazo kovu. Kule Afrika Magharibi imeonekana miembe yenye maji moto wengi inapata funza wachache, wanawakamata nzi na hata ile harufu wanayoacha kwa embe inamfanya nzi jike asitue. Kwa hivo kabla hujachoma viota fikiria tena, labda vuna kwa mti ule asubuhi mapema na kijiti kirefu.

Kwa anayetaka kutengeneza chupa, chupa ya soda au maji inatosha kabisa. Toboa matundu matatu manne upande wa juu, ya kama sarafu ndogo, kwa msumari uliopashwa moto. Kidonge cha chambo kinaning'inia ndani kwa waya, chini unaweka maji na sabuni ya unga kidogo, au kipande cha sumu kama ulichopewa dukani, kwa maji usitoboe chini manake yatavuja, niliwahi kufanya hivo. Vaa glavu ukishika methili eujenoli, si kitu cha kuzoea kwa ngozi, na usiipakaze nje ya chupa, dume atatua hapo nje alambe ashibe aende zake. Itundike kivulini, urefu wa mkono wako ukiinua, majani yasiiguse, na waya uupake grisi, la sivyo sisimizi watakula nzi wote na wewe utaona chupa tupu useme nzi hakuna. Kidonge hukaa wiki 6 mpaka 8, baadaye harufu imeisha hata kama kinaonekana kizima. Na kwa sababu chambo cha madume kinavuta kutoka mbali, ni afadhali kiwe pembeni ya shamba, si katikati ya embe zako nzuri kabisa.

Lingine naulizwa sana: nikila funza wa embe watanikaa tumboni? La, huyu anaishi kwa tunda tu, ukimmeza ni protini, ingawa sikulazimishi. Yule anayeingia kwa ngozi ya watu kupitia nguo zilizoanikwa nje bila kupigwa pasi ni nzi mwingine kabisa, watu wanachanganya kwa sababu kwa Kizungu naye wamempa jina la embe.

Msimu huu shangazi ameanza mapema, chupa mbili pembeni ya uwanja, protini kila Jumamosi, na gunia la kuokotea embe limefungwa kwa mlango wa jikoni ili asijisahaulishe. Hesabu ya wiki iliyopita ilikuwa nzi 31, juzi 64. Tatizo lililobaki ni jirani wa mkungu, ambaye ameskia habari nusu nusu na sasa hamuamkii shangazi, asema kivuli cha babake hakikatwi. Na hakuna aliyemwambia akate mti, twataka tu aokote kungu.